Chaja za bei chee na redio ya mbali

Na Mwandishi Wetu, London

Zamani mtawala aliyetaka raia wake wasisikilize redio ya nje ilimbidi ajenge mitambo. Wasovieti walikuwa nayo mingi. Waliirushia BBC, Sauti ya Amerika na nyenginezo mawimbi ya kelele juu ya masafa yake, usiku na mchana, kwa gharama kubwa ya umeme na wahandisi, hadi walipoacha kabisa mwishoni mwa mwaka 1988. Leo kazi hiyo hiyo inafanywa bure, bila ya amri ya serikali yoyote, na kijidude cha plastiki kilichochomekwa ukutani karibu na kitanda. Kinaitwa chaja.

Hatusemi kwa mzaha. Chukua redio ya masafa mafupi katika fleti yoyote ya London, Birmingham au Toronto, uiwashe wakati wa magharibi, saa ambayo zamani ungekutana na sauti za dunia nzima zikigombania nafasi. Siku hizi unakutana na mvumo mmoja mrefu, kama nyuki walionaswa ndani ya kopo, unaopanda na kushuka kila unapozungusha kifundo. Wengi wamekwishahitimisha kuwa masafa mafupi yamekufa. Ni kweli kwamba vituo vimepungua sana. Lakini ichukue redio hiyo hiyo uende nayo katikati ya uwanja wa bustani, mbali na majumba, na baadhi ya sauti zinarudi. Zilikuwapo muda wote, zimefunikwa tu.

Jambo hili lingebaki kuwa la mafundi na wapenzi wa redio peke yao kama si yale yanayotokea kwetu chaguzi zinapofika. Kongo ilifungiwa intaneti kwa takriban wiki tatu baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Disemba 2018, na katika siku hizo hizo matangazo ya FM ya redio ya kimataifa ya Ufaransa, RFI, yakakatwa. Uganda ilifungiwa Januari 2021. Tanzania ikafuatia tarehe 29 Oktoba 2025, siku yenyewe ya kupiga kura, na intaneti haikurudi ila baada ya siku kadhaa. Sisi tulio nje tulibaki tukitazama ujumbe wenye alama moja tu ya tiki, wala haukufika. Walioko ndani nao hawakujua nini kinatokea mtaa wa pili.

Siku kama hizo ndipo mtu anapokumbuka redio iliyowekwa juu ya kabati. Na si kila redio inafaa. FM haivuki mpaka. Mtambo wake uko mjini na ufunguo wake uko kwa mwenye mji. Masafa mafupi ni kitu chengine kabisa. Wimbi lake linapanda, linakutana na tabaka la juu la anga kilomita mia na zaidi kutoka ardhini, linarudishwa chini nchi ya tatu huko, bila ya kupitia kampuni ya simu wala waya wa mtu. Ndiyo maana BBC, ambayo kwa miaka ilikuwa ikiyafunga masafa hayo moja baada ya jengine, iliyarudisha kwa Ukraine Machi 2022, saa nne kwa siku, na Mei 2023 ikafungua matangazo ya dharura ya Kiarabu kwa ajili ya Sudan.

Kwetu historia hii ni ya siku nyingi. Sauti ya Cairo ilipoanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954 ilisikilizwa mabarazani Unguja na Mombasa, na watawala wa kikoloni hawakuipenda hata kidogo. Na upande wa pili, kwa miaka mingi redio ya Zanzibar ilirusha matangazo yake kutoka Dole kwenye kilohezi 11735, na taarab ikawa inasikika hadi Ulaya ya Kaskazini na Amerika. Wapo Wazungu wasiojua neno moja la Kiswahili waliokuwa wakikesha kuitafuta sauti hiyo. Kwa Mzanzibari aliye mbali na kwao haikuwa burudani tu.

Sasa tuje kwenye chaja. Inakuwaje kitu kidogo namna ile kishinde mtambo wa mbali?

Wenye umri wetu watakumbuka adapta za zamani za redio kaseti: nzito kama jiwe, zenye joto, zikivuma kwa sauti ya chini. Ndani yake mlikuwa na transfoma ya chuma na waya wa shaba. Umeme wa ukutani, Uingereza kama Tanzania, ni volti 230 wenye mizunguko 50 kwa sekunde. Kwa mwendo huo wa polepole transfoma lazima iwe kubwa, na nyengine katika adapta hizo zilipoteza nusu ya umeme, au zaidi, kuwa joto. Zilikuwa mzigo, lakini zilikuwa kimya.

Chaja ya leo inafanya kazi kwa njia nyengine. Kwanza inaugeuza umeme wa ukutani kuwa wa mwelekeo mmoja, kiasi cha volti 325. Kisha transista inaukatakata umeme huo vipande vipande, kuwasha na kuzima, mara elfu nyingi kwa sekunde. Mwendo unaotumika sana ni mara 65,000 hivi. Kwa mwendo huo transfoma inayotosha ni ndogo kama ncha ya kidole, na umeme unaopotea ni kidogo. Kompyuta ya Apple II ilipotoka mwaka 1977 ilikuwa na kigawa umeme cha namna hii kilichosanifiwa na mhandisi Rod Holt, na ilikuwa jambo la kujivunia kwa sababu kompyuta ile haikuhitaji feni. Leo njia hiyo imo katika simu, televisheni, ruta, kompyuta, mashine ya kufulia, na ndani ya kitako cha taa ya LED.

Sheria nayo iliisukuma. Mwaka 2009 Jumuiya ya Ulaya ilitoa kanuni za kubana umeme unaopotea kwenye adapta, na transfoma za chuma zikawa haziwezi tena kufaulu mtihani. Kati ya mwaka huo na 2012 taa za zamani za waya unaowaka zikaondolewa madukani hatua kwa hatua. Kwa upande wa umeme ilikuwa busara, na hatuna ugomvi nayo. Ila hakuna aliyemuuliza msikilizaji wa redio.

Tatizo liko katika ule ukataji. Mlango ukifungwa taratibu, aliye chumba cha pili hasikii. Ukifungwa kwa kishindo, nyumba nzima inasikia. Transista ya chaja inafunga na kufungua kwa kishindo, kwa sababu ikienda taratibu itapata moto na umeme utapotea. Na kila kishindo cha umeme kinatoa si wimbi moja bali ukoo mzima wa mawimbi: mara mbili ya mwendo wa asili, mara tatu, mara kumi, mara mia. Chaja ya kilohezi 65 inaonekana tena kwenye 130, 195, 260, na kuendelea hadi mamilioni. Mwenye redio ya masafa ya kati anaweza kuihesabu kwa masikio: kelele kwenye 585, tena kwenye 650, tena 715, kama nguzo za uzio. Huko juu kwenye masafa mafupi nguzo zinatanuka na kuungana, ukawa ule mvumo mmoja wa nyuki.

Chaja peke yake ni ndogo mno kuwa antena. Antena ni nyumba. Kelele inatoka kupitia nyaya mbili za ukutani na kupitia ule waya wa kwenda kwenye simu, ikatembea ndani ya kuta. Wimbi la kilohezi 11735 lina urefu wa mita 25 na nusu hivi, na robo yake, kipimo ambacho mafundi wa antena wanakipenda, ni mita sita na kitu. Huo ndio urefu wa waya kutoka chumba cha kulala hadi ukumbini. Na redio iko mle mle, wakati mtambo uko maelfu ya kilomita. Jirani anayenong'ona sikioni mwako anamshinda anayepiga kelele ng'ambo ya bahari.

Dawa yake inajulikana tangu zamani na si ghali. Mtengenezaji mwaminifu huweka kichujio mlangoni: koili mbili zilizozungushwa kwenye pete moja ya feraiti, ambayo ni aina ya kauri nyeusi yenye sumaku, kapasita moja baina ya nyaya mbili za umeme, na nyengine ndogo ya kuirudisha kelele ilikotoka kabla haijatoka nje. Shirika la kimataifa liitwalo CISPR, lililoundwa mwaka 1934 redio ilipokuwa bado ngeni majumbani, ndilo linaloweka viwango vya kelele inayoruhusiwa, na kinachopita kwenye waya wa umeme hupimwa kuanzia kilohezi 150 hadi megahezi 30. Bila ya kichujio ni vigumu chaja kufaulu kipimo hicho.

Lakini koili ni senti kadhaa, na senti kadhaa mara milioni ni pesa. Ukiifungua chaja ya bei chee mara nyingi utakuta ubao wake umechorwa nafasi ya koili, na matundu yake yapo, ila mahali pa koili pametiwa kipande cha waya. Aliyesanifu alijua kinachotakiwa. Aliyeunda aliona hasara. Alama ya CE iliyopigwa mgongoni isikudanganye, maana kwa bidhaa za aina hii huwekwa na mtengenezaji mwenyewe kwa kujitangaza, si na mkaguzi wa serikali, na sampuli iliyopelekwa maabara si lazima iwe ndugu wa ile iliyoko sokoni.

Mwaka 2012 mhandisi mmoja wa Marekani, Ken Shirriff, alizipima chaja 12 za aina mbalimbali na kuchapisha matokeo. Za kampuni zenye majina zilikuwa safi kwa viwango tofauti. Za bandia zilikuwa na kelele kupita kiasi. Na pale penye kelele mara nyingi pana hatari nyengine, kwa sababu anayebania koili hubania pia nafasi na kinga baina ya umeme wa ukutani na mkono wa mtu. Mwaka 2016 wakaguzi wa biashara wa Uingereza, Trading Standards, walipeleka maabara chaja 400 za bandia za Apple. Zilizokutwa na kinga ya kutosha dhidi ya kupigwa na umeme zilikuwa tatu. Si asilimia tatu; chaja tatu.

Iwapo msomaji anadhani habari hii inamhusu tu mzee mwenye redio, basi na asikilize kisa cha Aberhosan. Ni kijiji kidogo katika milima ya Wales. Kwa mwaka mmoja na nusu intaneti ya kijiji kizima ilikuwa ikianguka kila siku saa moja asubuhi. Kampuni ya nyaya, Openreach, ikabadilisha hata waya mzima wa kijiji, haikusaidia. Mwisho mafundi walikwenda na mashine ya kupima mawimbi, wakazunguka alfajiri kwenye mvua kubwa. Ilipotimia saa moja mashine ikalia. Waliifuata kelele hadi kwenye nyumba moja na televisheni moja kuukuu, ambayo mwenyewe alikuwa akiiwasha kila asubuhi. Kisa hicho kilitangazwa Septemba 2020. Mwenye televisheni aliona haya sana na akakubali kutoiwasha tena. Waya wa simu wa shaba unapitisha intaneti kwa masafa yale yale yanayochafuliwa na vyombo vibovu, basi kilichomdhuru msikilizaji kinamdhuru na anayetazama YouTube. Hata redio za kisasa za dijitali, DAB, hazikusalimika. Baadhi ya taa za LED za bei chee zinazichafua.

Sasa nyumbani. Masanduku na mapipa yanayosafirishwa kwenda Unguja, Mombasa, Dar es Salaam au Bujumbura yana kawaida yake: nguo, vyombo, simu zilizotumika, na furushi la chaja na taa zilizonunuliwa kwenye meza ya sokoni kwa bei ya kutupwa. Na zile zinazouzwa Darajani na Kariakoo nyingi zinatoka viwanda vya namna ile ile. Hapo zinakutana na nyumba ambazo nyaya zake hazina waya wa ardhini wa kuaminika, na soketi moja yenye ekstensheni tatu.

Zamani umeme ukikatika redio ya betri ilikuwa inasafika papo hapo, kana kwamba kuna aliyefuta kioo. Watu wa Unguja wanaijua redio ya betri. Walikaa gizani miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, baada ya njia ya umeme ya baharini kutoka bara kuharibika. Lakini giza la leo si kimya kama la zamani. Umeme ukikatika inawaka inveta, na inveta ni mkataji mkubwa kuliko chaja zote. Sola nayo ina kidhibiti chaji kinachokatakata umeme wa paneli, na cha bei chee kinavuma kwenye redio mchana kutwa. Vijijini, ambako hakuna waya wa gridi na ndiko redio inakohitajika zaidi, kelele imeingia kwa mlango wa sola. Hatusemi watu waache sola. Tunasema kifaa kile kile kinaweza kuundwa kikawa kimya, na kuna vinavyoundwa hivyo.

Wakati huo huo upande wa pili wa mizani unapungua. Kila kituo kinachofungwa, kila mtambo unaopunguzwa nguvu, unaacha sauti dhaifu zaidi mbele ya kelele ile ile. Sauti ya Amerika, yenye idhaa ya Kiswahili ya tangu miaka ya sitini, ilisimamishwa Machi 2025. Wapo wanaosema haya yote hayana maana kwa kuwa mtu anaweza kusikiliza kwa intaneti. Ni kweli kwa sisi wa huku. Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, tangu mwaka 2008 kiliweka redio yake kwenye mtandao ambapo yeyote anaweza kuzungusha masafa kwa kipanya, na Mswahili wa Leeds akaitafuta Afrika Mashariki kwa antena ya Kidachi. Lakini hiyo inamfaa mwenye intaneti, na tulikuwa tukizungumza habari za siku ambayo intaneti imefungwa.

Kwa hivyo ndugu msomaji, usingoje siku hiyo. Jaribio lenyewe ni la robo saa. Tia betri kwenye redio, itafute sehemu isiyo na kituo kwenye masafa ya kati au mafupi, uisikilize kelele. Kisha zima meni swichi ya nyumba. Ikinyamaza, adui yumo ndani. Washa tena, halafu chomoa kitu kimoja kimoja: chaja kwanza, khasa zile zinazobaki ukutani bila ya simu, kisha ruta, kisha taa za LED, televisheni ya kusubiri rimoti, na vile visanduku vinavyopitisha intaneti ndani ya nyaya za umeme, ambavyo hurusha mawimbi kwa makusudi. Mara nyingi utakuta si vyote. Ni viwili au vitatu vinavyofanya uharibifu wa ishirini.

Kilichokutwa na hatia kibadilishwe. Kisichobadilika, zungusha waya wake mara kadhaa ndani ya pete ya feraiti, karibu kabisa na chaja. Ni dawa ile ile ya lile donge jeusi linaloonekana kwenye nyaya za baadhi ya laptopu. Kuupitisha waya mara moja kunasaidia kidogo. Ukiuzungusha mara tatu nguvu ya kuzuia inakaribia mara tisa, kwa sababu inakwenda kwa mraba wa mizunguko. Redio yenyewe isogeze dirishani, na ukiweza toa waya wa antena nje, uende mbali na ukuta badala ya kuambaa nao. Kwenye masafa ya kati geuza redio yenyewe polepole, maana antena yake ya ndani ina upande usiosikia, na upande huo unaweza kuuelekeza kwenye kelele.

Inayobaki baada ya hapo ni ya jirani. Uingereza kuna pa kwenda: Ofcom ina mamlaka chini ya kanuni za mwaka 2016 ya kumtaka mtu aache kutumia chombo kinachoharibu mawasiliano ya wengine, ingawa msikilizaji wa kituo dhaifu cha mbali asitarajie kuwa wa kwanza kwenye foleni. Katika majumba ya Michenzani, ghorofa juu ya ghorofa na ukuta mmoja baina ya watu wawili, njia ni fupi zaidi: beba redio mkononi ikiwa inavuma, bisha hodi, na umwombe jirani achomoe chaja yake huku akisikiliza mwenyewe.